TAMKO LA WANASHERIA WA HALMASHAURI KUHUSU NAFUU ZA KISHERIA ZINAZOTUMIKA KWA PAMOJA KATIKA MIKATABA YA SERIKALI ZA MITAA

Kwa Waheshimiwa Madiwani, Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri, Ofisi ya Rais – TAMISEMI, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, wakandarasi, wazabuni, mafundi na wananchi wote.

Sisi, wanachama wa chama cha wanasheria tunaozihudumia halmashauri za Tanzania Bara, tunatoa tamko hili kwa sababu fedha za wananchi zinaendelea kupotea katika mikataba ambayo ndani yake imekwisha kuandikwa njia ya kuziokoa. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia hoja zilezile kuhusu halmashauri: mradi umechelewa na mkandarasi hakutozwa fidia ya ucheleweshaji, dhamana ya utekelezaji imeachwa ikaisha muda wake, kazi imepokelewa ikiwa na kasoro. Upande wa pili wa karatasi hiyohiyo, mkandarasi amewasilisha hati ya malipo, amekaa miezi bila kulipwa, na sasa anadai riba. Hoja hizo hujibiwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ahadi hutolewa, kisha mwaka unaofuata zinarudi.

Katika kurasa za mwisho za mikataba mingi ya halmashauri kuna kifungu kifupi ambacho watu wengi hukisaini bila kukisoma. Kinasema kwamba haki na nafuu zilizotajwa katika mkataba ni za kuongezea juu ya haki na nafuu nyingine zilizopo kisheria, kwamba kutumia moja hakuzuii kutumia nyingine, na kwamba kuchelewa kuitumia haki hakumaanishi kuiacha. Hizo ndizo nafuu za pamoja. Msimamo wetu ni kwamba kifungu hicho ni ngao ya fedha za umma pale tu kinapoandikwa kwa ajili ya pande zote mbili, kinapotumika kwa maandishi na kwa wakati, na kinapozuiwa kisigeuzwe kuwa njia ya kulipwa mara mbili kwa hasara moja. Kwa jinsi kinavyotumika leo katika halmashauri zetu nyingi, hakitimizi hata sharti moja kati ya hayo matatu.

Sheria inasema nini

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilianza kutumika mwaka 1961 na imechukua mengi kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake. Ndiyo maana mwanasheria wa halmashauri anayetafuta majibu katika vitabu vya Uingereza pekee anaweza kupotea: maneno ya sheria yetu yana ukoo mwingine, na mahakama zetu huanza na maneno hayo. Hukumu za Uingereza hushawishi mahakama zetu, lakini hazizifungi.

Kifungu cha 73 kinampa aliyekosewa haki ya kufidiwa hasara iliyotokana moja kwa moja na ukiukaji, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingetokea. Kifungu hichohicho kinataka iangaliwe kama aliyekosewa alikuwa na njia ya kupunguza hasara yake. Kifungu cha 74 kinahusu kiasi ambacho pande zimekubaliana mapema kilipwe ikitokea ukiukaji. Aliyekosewa anastahili fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kile kilichotajwa, hata kama hakuthibitisha hasara halisi. Kifungu cha 75 kinasema kwamba anayeutangua mkataba kwa haki bado ana haki ya kufidiwa.

Vifungu hivyo vitatu vikisomwa pamoja, inaonekana kwamba sheria yenyewe inaruhusu nafuu kwenda sambamba. Halmashauri iliyositisha mkataba haijajinyima fidia. Iliyodai dhamana benki haijapoteza haki ya kudai kilichobaki. Lakini inaonekana pia kwamba kila nafuu ina mpaka wake, na mpaka huo hauondolewi na kifungu cha mkataba hata kingeandikwa kwa ukali wa namna gani.

Hesabu ya mradi mmoja

Tuchukue mfano, kwa kuwa jambo hili huharibika kwenye hesabu kuliko kwenye nadharia. Halmashauri imeingia mkataba wa shilingi milioni 400 kujenga kituo cha afya. Fidia ya ucheleweshaji ni asilimia 0.1 ya bei ya mkataba kwa siku, yaani shilingi 400,000, na ukomo wake ni asilimia 10 ya bei. Mkandarasi ametoa dhamana ya utekelezaji ya shilingi milioni 40. Amefanya kazi iliyothibitishwa yenye thamani ya milioni 220, na halmashauri imezuilia asilimia 5 katika kila malipo, jumla milioni 11. Muda wa mkataba umekwisha, siku 60 zimepita, vibarua wameondoka saiti, na mkandarasi hajibu barua. Halmashauri inasitisha mkataba kwa utaratibu uliowekwa.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya shilingi milioni 180 kwa bei ya mkataba wa kwanza. Mkandarasi mpya anaifanya kwa milioni 215. Kuta zilizokwisha kujengwa zina nyufa, na kuzirekebisha ni milioni 12 nyingine.

Hasara hapa ni za aina tatu na kila moja inasimama peke yake. Siku 60 za ucheleweshaji hadi tarehe ya kusitisha ni milioni 24. Ongezeko la gharama ya kumalizia ni milioni 35. Kasoro ni milioni 12. Jumla ni milioni 71, na halmashauri ina haki ya kudai zote tatu, kwa kuwa hakuna moja inayorudia nyingine. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la Triple Point dhidi ya PTT, ilieleza jambo linaloendana na hesabu hii: kwa kawaida fidia ya ucheleweshaji iliyokubaliwa huhesabiwa hadi siku mkataba unapositishwa, na baada ya hapo hasara ya ziada hudaiwa kama fidia ya kawaida, kwa ushahidi.

Sasa halmashauri inakwenda benki na kulipwa milioni 40 za dhamana. Inashikilia milioni 11 zilizozuiliwa. Kilichobaki kudaiwa kwa mkandarasi ni milioni 20. Hapo ndipo tumeona makosa yakitokea pande zote mbili. Kuna halmashauri inayopata milioni 40 za benki, ikaona jambo limekwisha, na kufunga jalada huku milioni 20 za wananchi zikibaki mfukoni mwa aliyekosa. Na kuna halmashauri inayopeleka mahakamani dai la milioni 71 nzima kana kwamba dhamana ni mapato mengine yasiyohusiana na hasara, ikaongeza juu yake fidia ya jumla kwa kukosa matumizi ya jengo katika siku zilezile 60 ambazo tayari zimetozwa. Dai la namna hiyo hupunguzwa mahakamani, na mara nyingi huondoka na sehemu ya dai lililokuwa halali, maana jaji akishakuta hesabu moja imekuzwa huzitazama nyingine zote kwa shaka. Kanuni ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, mwaka 1992, haijabadilika: hasara mahususi lazima itajwe waziwazi katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu.

Ukimya unaoua haki

Hapa ndipo tunapotaka Wakurugenzi na wakuu wa idara watusikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika tamko hili.

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba kinahusu mkataba ambao muda ni jambo la msingi. Mtu akishindwa kutimiza kwa wakati, mwenzake anaweza kuutangua. Lakini mwenzake huyo akikubali kupokea kazi nje ya muda, hawezi baadaye kudai fidia ya ucheleweshaji isipokuwa kama wakati wa kupokea alimpa mkosaji taarifa kwamba anakusudia kudai. Taarifa hiyo inaweza kuwa barua ya mistari mitano. Halmashauri isipoiandika, inaingia katika mgogoro ikiwa imeinyima hoja yake mguu wa kusimamia, na kifungu cha nafuu za pamoja kinaweza kisiiokoe.

Tunajua kwa nini barua hiyo haiandikwi. Jengo la madarasa limechelewa, muhula umeanza, wazazi wanalalamika, na diwani wa kata anataka watoto waingie. Siku ya kukamilika inakuwa siku ya furaha, na hakuna anayependa kuwa yule aliyeandika barua ya kudai siku hiyo. Vilevile kuna mazoea ya kuchukulia hafla ya uzinduzi kuwa ndiyo makabidhiano. Kiongozi anakata utepe, au Mwenge wa Uhuru unapita na kuweka jiwe la msingi, na kuanzia hapo kila mtu anaona kazi imepokelewa. Tunasema kwa heshima zote: uzinduzi ni tukio la kiserikali na kijamii, makabidhiano ni tendo la kimkataba lenye kamati ya ukaguzi, orodha ya kasoro na saini. Moja halichukui nafasi ya lingine, na halmashauri iandike hivyo kabla ya hafla.

Ukimya wa pili ni wa dhamana. Dhamana ya benki ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haisubiri mgogoro uishe. Nyongeza ya muda wa mkataba ikitolewa bila nyongeza ya muda wa dhamana, halmashauri inabaki na mkandarasi mwenye siku za ziada na karatasi ya benki iliyokufa. Dhamana hiyo ni ahadi ya benki inayosimama yenyewe; halmashauri inaidai kwa masharti yaliyoandikwa ndani yake, na ikichelewa kwa siku moja benki haina wajibu wowote. Tunashangazwa na idadi ya majalada tunayoletewa ambamo mgogoro ni wa haki kabisa, ushahidi upo, na dhamana ilikwisha miezi kadhaa kabla mtu yeyote hajaitazama.

Ukimya wa tatu ni wa mdomo. Mhandisi anamwambia mkandarasi saiti, "endelea tu, tutaangalia." Mkuu wa idara anapiga simu. Hakuna nyongeza ya muda iliyoidhinishwa, hakuna kumbukumbu, lakini mbele ya msuluhishi mkandarasi ataeleza, pengine kwa ukweli kabisa, kwamba aliruhusiwa. Kifungu kinachosema kuchelewa kutumia haki si kuiacha kinasaidia dhidi ya hoja hiyo. Hakiizimi. Mwenendo wa miezi sita unazungumza kwa sauti kubwa kuliko maneno ya ukurasa wa mwisho.

Na kuna jambo ambalo halmashauri hazipendi kulisikia kutoka kwetu. Mara nyingi ucheleweshaji ni wetu. Fedha hazijafika, eneo halijakabidhiwa, michoro imebadilishwa, mwenye shamba hajalipwa fidia na amewafukuza vibarua. Halmashauri iliyosababisha ucheleweshaji haiwezi kuutoza fidia. Kabla ya kuandika barua ya kudai fidia, mwanasheria aombe jalada la malipo na shajara ya saiti. Akikuta siku 40 kati ya 60 ni za halmashauri, adai siku 20.

Nafuu zisizokaa nyumba moja

Kuwa na nafuu nyingi hakumaanishi kuzitumia zote. Zipo zinazopingana kwa asili. Huwezi kumtaka mkandarasi aendelee na kazi na papo hapo kumwambia mkataba umekwisha. Huwezi kuutangua mkataba kana kwamba haukuwahi kuwepo na kudai faida ambayo ungeipata kama ungetimizwa. Lazima kuchagua, na uchaguzi uliotangazwa wazi kwa mwenzako una matokeo yake. Kuna nafasi ya kubadili njia pale njia ya kwanza inapogonga ukuta: katika shauri la Johnson dhidi ya Agnew la mwaka 1979 huko Uingereza, muuzaji aliyepata amri ya mkataba kutekelezwa, na amri hiyo ikashindikana, aliruhusiwa kurudi mahakamani na kupewa fidia badala yake. Lakini alirudi mahakamani. Hakujichukulia vyote viwili.

Mahali ambapo kosa hili linaumiza watu wengi zaidi ni sokoni. Halmashauri imempangisha mama muuza mitumba kibanda. Kodi ya miezi mitatu haijalipwa. Tumeona kibanda kikifungwa kwa kufuli mali ikiwa ndani, kikapangishwa kwa mtu mwingine mwezi unaofuata, kisha mpangaji wa kwanza akadaiwa kodi hadi mwisho wa mkataba wake, pamoja na faini ya kila siku, na mali yake ikaendelea kushikiliwa. Halmashauri hiyo inapokea kodi mbili za kibanda kimoja kwa mwezi mmoja. Hakuna kifungu cha nafuu za pamoja kinachohalalisha hilo. Kodi iliyopevuka hadi siku ya kufunga inadaiwa. Hasara ya siku ambazo kibanda kilikaa wazi inadaiwa. Baada ya mpangaji mpya kuingia, dai linakoma, isipokuwa kama kodi mpya ni ndogo kuliko ya zamani. Mali ya mama muuza mitumba irudishwe kwa orodha na saini, kwa sababu hakuiweka rehani.

Hali inafanana katika mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mikataba, na marejesho yanadaiwa. Ila mkopo uliowekwa na sheria ili kumwinua mtu haupaswi kudaiwa kwa kumfungulia shauri, kumwita polisi na kumnyang'anya cherehani siku ileile. Ziwe hatua zinazofuatana, kuanzia ratiba mpya ya marejesho.

Kwa upande wa mawakala wa kukusanya mapato tuna onyo moja fupi. Fedha zikikusanywa kwa mashine na zisifike benki, halmashauri hukimbilia TAKUKURU au polisi, na ni sawa kufanya hivyo. Kisha dai la madai husahaulika kwa kusubiri jinai iishe. Shauri la jinai linamtafuta mkosaji. Linaweza kuchukua miaka, na mshtakiwa anaweza kuachiwa kwa kuwa kipimo cha ushahidi ni kizito zaidi. Fedha zidaiwe kwa mkataba sambamba, na dhamana ya wakala idaiwe kabla haijaisha.

Haki ya mwenzetu

Tunawatumikia wana halmashauri, na ni kwa sababu hiyo tunasema yafuatayo bila woga. Kifungu cha nafuu za pamoja kinachosema "nafuu za Mwajiri ni za nyongeza" huku kikimnyamazia mkandarasi ni kifungu kibaya. Kinawafukuza wakandarasi makini, wale wanaosoma mkataba kabla ya kusaini, na kuwaacha wasiosoma. Tena anayeogopa kutolipwa hupandisha bei ya zabuni, na bei hiyo tunailipa sote.

Tayari uwanja hauko sawa. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 katika Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, anayetaka kuishtaki halmashauri lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Asipomuunganisha, shauri linaharibika. Akishinda, hawezi kukamata gari wala jengo la halmashauri ili alipwe. Anasubiri utaratibu wa malipo ya Serikali. Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka sita, na mkandarasi anayesubiri kwa upole, akiogopa kuonekana mkorofi kabla ya zabuni nyingine, anaweza kujikuta muda umemwishia. Sheria hizo zina sababu zake: hospitali ya wilaya haipaswi kupoteza gari la wagonjwa kwa sababu ya deni la saruji. Lakini kama sheria imefunga milango hiyo, mkataba usimfungie na ile iliyobaki. Riba kwa malipo yaliyochelewa, haki ya kusimamisha kazi baada ya notisi, nyongeza ya muda, haki ya kusitisha na kulipwa kazi iliyofanyika, na njia ya usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, vyote viwepo na vitambulike kuwa vinakwenda pamoja kwake kama vyetu vinavyokwenda pamoja kwetu. Kifungu kinachomzuia kabisa mtu kudai haki yake kwa njia za kawaida za kisheria ni batili kwa Sheria ya Mikataba yenyewe, na hatuoni heshima yoyote kwa halmashauri kukiweka.

Kuna mtu ambaye hata kifungu kibaya hajawahi kuandikiwa. Ni fundi wa kijijini anayejenga madarasa kwa njia ya fosi akaunti, yaani ujenzi ambao halmashauri inausimamia yenyewe badala ya kumpa mkandarasi. Mkataba wake ni ukurasa mmoja, wakati mwingine ulioandikwa kwa mkono, wenye jina, kiasi na saini ya mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Vifaa vikichelewa kununuliwa, anakaa saiti na vibarua wake bila ujira. Kamati ikibadilisha mchoro, anabomoa na kujenga tena kwa bei ileile. Na yeye akiondoka na fedha za awali, halmashauri haina dhamana ya kudai wala maandishi ya kutosha kumpeleka popote. Njia hii imejenga madarasa na zahanati nyingi kwa gharama nafuu na tunaiunga mkono, ila unyonge huu wa maandishi unawaumiza wote wawili.

Tunachotaka kifanyike

TAMISEMI kwa kushirikiana na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma waandae mkataba wa fundi wa kurasa chache, kwa Kiswahili, unaotaja hatua za malipo, nani ananunua vifaa, nini kinatokea vikichelewa, nani anabeba gharama ya mabadiliko, na nafuu za kila upande. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Hakuna sababu ya kumpa fundi wa Namtumbo au wa Kasulu mkataba asioweza kuusoma, wala ya kumpa mama mwenye kikundi cha ufugaji masharti ya mkopo yaliyonakiliwa kutoka lugha nyingine.

Mfumo wa NeST, unaotumika sasa katika ununuzi wa umma, uwekewe tahadhari ya lazima kwa Afisa Masuuli na mwanasheria siku 60 na siku 30 kabla dhamana yoyote haijaisha, na nyongeza ya muda wa mkataba isikubalike katika mfumo bila nyongeza ya dhamana. Hili halihitaji sheria mpya.

Wakurugenzi wamshirikishe mwanasheria wa halmashauri katika maisha yote ya mkataba. Kwa sasa wengi wetu tunauona mkataba mara mbili: siku ya upekuzi na siku ya mgogoro. Katikati, mhandisi, mhasibu na Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi wanaandikiana bila sisi. Kila malipo ya mkandarasi aliyechelewa yaambatane na karatasi moja inayoonyesha siku zilizochelewa, zipi ni za nani, fidia iliyokatwa, na kama haikukatwa, nani aliamua na kwa sababu gani. Kusamehe fidia kunaweza kuwa uamuzi wa busara. Uamuzi huo ufikishwe mbele ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango na uandikwe katika muhtasari.

Waheshimiwa Madiwani, tunawaomba mjiepushe na kumwagiza mkandarasi moja kwa moja mnapotembelea miradi. Agizo lenu la nia njema, "ongeza choo cha tatu," linaweza kuzaa nyongeza ya muda na ya bei ambayo halmashauri haikuidhinisha, na kuifuta fidia tuliyokuwa tukiidai. Lipelekeni kwa Mkurugenzi. Na mnapopokea taarifa ya robo mwaka, ulizeni pia madeni ya wakandarasi yaliyopita muda wa malipo, si miradi iliyochelewa pekee.

Wakandarasi na wazabuni nao waandike. Notisi ya kudai nyongeza ya muda ina siku zake katika mkataba. Inayoandikwa baada ya mgogoro kuanza haina uzito. Anayenyamaza kwa kuogopa kukosa zabuni ijayo anaifunga njia yake mwenyewe.

Katika kila mkataba tutakaoupitia tutapendekeza kifungu kisomeke hivi: "Haki na nafuu za kila upande chini ya mkataba huu zinaongezea zile zilizopo kisheria na zinaweza kutumika pamoja au kwa kufuatana, isipokuwa pale zinapopingana. Hakuna upande utakaolipwa zaidi ya mara moja kwa hasara moja. Fidia ya ucheleweshaji iliyokubaliwa ndiyo fidia pekee ya ucheleweshaji hadi tarehe ya kukamilika kwa kazi au kusitishwa kwa mkataba, na haigusi madai ya kasoro wala ya gharama za kumalizia kazi. Kuacha haki hakutatambuliwa mpaka kuandikwe na kusainiwa na mwenye mamlaka."

Wanachama wetu wameazimia kwamba mkataba utakaoletwa kwa upekuzi ukiwa na kifungu cha upande mmoja, au usio na ratiba ya tarehe za dhamana, utarudishwa kwa Mkurugenzi pamoja na maoni ya maandishi, na nakala ya maoni hayo itabaki katika jalada ambalo mkaguzi ataliona.

Limetolewa kwa niaba ya wanachama wote.